Nairobi hadi Zanzibar kwa treni, gari na ndege: hesabu usiku kwanza, tiketi baadaye

Anayeishi ughaibuni akipata likizo ya wiki tatu, huanza kwa kuandika orodha ya mahali. Nairobi kwa wifi, Diani kuogelea, Tanga kwa shangazi, Moshi kwa bibi, mbuga kwa ajili ya watoto, Zanzibar kumalizia. Karatasi haikatai kitu. Kinachokataa ni mwili, barabara na saa ya ndege, na hivyo vitatu huwa havijaulizwa mpaka pesa za tiketi zimeshalipwa.

Mwongozo huu unakwenda kinyume. Unaanza na usiku: mtalala wapi, mara ngapi. Nimechukua mfano wa familia ya watu wanne wanaoishi Uingereza, baba wa Tanga, mama wa Moshi, watoto wawili wenye pasipoti za Uingereza, wanaosafiri Julai na Agosti shule zikifungwa. Anayetoka Muscat au Minneapolis atabadilisha ndege tu, mengine ni yale yale.

Hatua ya 1: Gawa usiku

Siku 21 maana yake ni usiku 20 wa kulala nchi kavu. Chukua daftari, andika namba 1 mpaka 20, kisha zigawe. Mgawo ninaoupendekeza ni huu:

Nairobi 2
Diani 4
Tanga 3
Lushoto 2
Moshi 2
Karatu na Serengeti 3
Arusha 1
Zanzibar 3

Kila mnapohama kitanda, siku ile nusu yake imekwenda. Kufunga mabegi, kungoja gari, njia yenyewe, kutafuta funguo za chumba, kula mkiwa mmechelewa. Kwa hiyo kulala mahali usiku mmoja ni hasara, na nimeukubali mara mbili tu: Karatu, kwa kuwa njia ya Serengeti inalazimisha, na Arusha, kwa sababu mtu aliyetoka mbugani na vumbi mpaka masikioni hafai kupandishwa ndege jioni ile ile.

Moshi nimeipa usiku mbili na najua bibi atalalamika. Atalalamika hata mkikaa kumi. Ila kama safari hii kiini chake ni yeye, basi futeni Lushoto na mpeni hizo mbili, msifute Arusha. Na kwa jamaa weka kanuni moja tangu mwanzo: ukipanga kulala hotelini kwenye mji wa shangazi yako, mwambie kabla hujafika, umweleze sababu. Akigundua mwenyewe, mtatumia siku nzima kuomba radhi, na siku hiyo haimo kwenye hesabu ya ishirini.

Kuhusu mbuga nina neno. Wengi wanaoisema Serengeti wanawaza nyumbu wakivuka Mto Mara. Huko ni kaskazini kabisa, pande za Kogatende, kati ya Julai na Septemba hivi. Kwa usiku mbili za Seronera, katikati ya hifadhi, hamtawaona wakivuka. Mtaona simba, tembo, chui mkibahatika, na nchi tambarare isiyo na mwisho, na hiyo ni sababu tosha ya kwenda. Lakini kama watoto wako ni wadogo na hawawezi kukaa ndani ya gari kutwa, acheni Serengeti. Tarangire na Ngorongoro ziko karibu zaidi na Arusha, na mtoto wa miaka sita hatajua alichokosa.

Hatua ya 2: Pima msimu kabla ya kutaja tarehe

Julai na Agosti ni kipindi cha kusi. Hakuna mvua nyingi, hewa ni ya ubaridi, mbuga zimekauka na wanyama wanaonekana kirahisi. Baharini kusi hupiga, maji hayatulii kama wakati wa kaskazi. Lushoto ni baridi kweli kweli. Sweta si pambo.

Machi mpaka Mei ni masika. Bei zinashuka, hoteli kadhaa za pwani hufunga kwa ukarabati, na barabara za milimani huharibika. Kwa ratiba yenye mahali pengi hivi siushauri, maana barabara moja ikikatika, zote zinazofuata zinasogea.

Desemba ina jambo lake. Wachaga wanarudi nyumbani, na tiketi za Dar kwenda Moshi, za basi na za ndege, huwa shida kuanzia katikati ya mwezi. Mwanzoni mwa Januari shida hugeuka upande: wote wanarudi Dar. Mkisafiri msimu huo, msiiache sehemu ya Kilimanjaro bila tiketi mkononi. Tazama pia Ramadhani inaangukia lini. Zanzibar mjini migahawa mingi hufunga mchana, na mgeni mwenye watoto anapaswa kujua mapema.

Hatua ya 3: Ingia mlango mmoja, toka mwingine

Hapa ndipo siku hupatikana au hupotea. Tiketi ya kwenda na kurudi Nairobi inawalazimisha kutoka Zanzibar mrudi Nairobi, jambo lisilo na faida yoyote isipokuwa kuiona tena foleni ya Mombasa Road. Kwenye tovuti za mashirika ya ndege kuna sehemu ya kuchagua safari ya miji mingi. Weka London kwenda Nairobi, kisha Zanzibar kwenda London, katika tiketi moja. Ethiopian Airlines, kwa mfano, wanatua Nairobi, Mombasa, Kilimanjaro, Dar es Salaam na Zanzibar, zote kupitia Addis Ababa, kwa hiyo kwao ni rahisi kuunganisha. Linganisha na bei ya kwenda na kurudi; mara nyingi tofauti ni ndogo kuliko gharama ya kurudi ulikotoka.

Tiketi moja ina sharti: mkikosa ndege ya kwanza bila kutoa taarifa, shirika hufuta na ya kurudi. Msidhani mtachelewa wiki moja mkajilipia njia nyingine ya kwenda, kisha ya kurudi ikabaki salama.

Ndege ya ndani, Kilimanjaro kwenda Zanzibar, itakuwa tiketi ya pembeni. Ni mwendo wa saa moja hivi. Kwa kuwa ni ya pembeni, shirika lililowaleta kutoka Ulaya halina wajibu wowote mkichelewa, na mizigo haihamishwi yenyewe. Mnaichukua na kuikabidhi upya. Ndiyo maana ratiba hii inaweka usiku tatu za Zanzibar kati ya ndege ya ndani na ile kubwa ya kurudi. Ndege ya ndani ikiahirishwa mpaka kesho yake, mtapoteza siku moja ya bahari na si tiketi za watu wanne.

Soma vizuri jina la uwanja. Arusha ina viwili: KIA, yaani Uwanja wa Kimataifa wa Kilimanjaro, ulio kati ya Moshi na Arusha, na ule mdogo wa Kisongo, magharibi mwa jiji, kwenye barabara ya kutokea mbugani. Kati yao ni zaidi ya kilomita 50, na katikati kuna foleni ya jiji. Nairobi nako kuna JKIA, ule mkubwa wa Jomo Kenyatta, na Wilson, wa ndege ndogo. Tiketi ikiandika ARK ni Kisongo. Ikiandika JRO ni KIA.

Kisha saa. Tiketi huandikwa kwa mfumo wa saa 24 na sisi tunasema kwa mapambazuko. Treni ya 08:00 ni saa mbili asubuhi, boti ya 07:00 ni saa moja. Ndege ya 01:30 ya tarehe 14 ni saa saba na nusu usiku wa kuamkia tarehe 14, yaani mnatoka hotelini tarehe 13 jioni. Jamaa atakayewapeleka uwanjani mwandikieni siku, tarehe na saa ya Kiswahili, vyote vitatu.

Hatua ya 4: Hati, kila mtu na pasipoti yake

Familia moja inaweza kuwa na taratibu mbili. Mwenye pasipoti ya Tanzania anaingia Kenya bila viza. Watoto wenye pasipoti za Uingereza wanahitaji idhini ya eTA ya Kenya, inayoombwa mtandaoni kabla ya kupanda ndege. Ilianza Januari 2024 ikachukua nafasi ya viza. Kisha wanahitaji viza ya Tanzania, ambayo kwa pasipoti nyingi ni dola 50 na kwa Mmarekani ni dola 100. Iombeni mtandaoni pia, mapema, ili mpakani kazi iwe kugonga muhuri tu. Ile viza ya pamoja ya Afrika Mashariki inahusu Kenya, Uganda na Rwanda. Tanzania haimo, kwa hiyo kwa njia hii haisaidii.

Kadi ya homa ya manjano ndiyo wanayoisahau walio wengi. Anayeruka moja kwa moja kutoka Ulaya kwenda Tanzania haulizwi, na hivyo ndugu zako waliokwisha safiri watakwambia haihitajiki. Ninyi mnatokea Kenya, nchi iliyomo kwenye orodha ya zenye ugonjwa huo, na Tanzania humtaka anayetoka huko awe na kadi kuanzia umri wa mwaka mmoja. Chanjo huanza kuhesabiwa baada ya siku 10. Tangu Julai 2016 kadi ni ya maisha, hata kama ndani yake imeandikwa miaka 10. Mtoto anayesafiri na mzazi mmoja abebe barua ya ridhaa ya mzazi mwingine pamoja na nakala ya cheti cha kuzaliwa.

Kwa Zanzibar, tangu Oktoba 2024 mgeni wa kigeni hununua bima ya lazima ya Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44. Hii haiondoi haja ya bima yenu ya safari, ile inayolipia matibabu na tiketi zilizoharibika.

Ada za hifadhi hutazama uraia. Mwenye kitambulisho cha taifa cha Tanzania (NIDA) au pasipoti ya Afrika Mashariki analipa kiwango cha wenyeji, kwa shilingi. Mwenye pasipoti ya Uingereza analipa cha wageni hata kama babu yake alizaliwa Machame. Tofauti ni kubwa mno, iwekeni kwenye bajeti mapema. Watoto chini ya miaka mitano hawalipi.

Hatua ya 5: Njia yenyewe, kipande kwa kipande

Nairobi hadi Mombasa, pandeni treni ya SGR, ile reli mpya ya Kenya. Stesheni ya Nairobi iko Syokimau, ya Mombasa iko Miritini, na zote mbili ziko mbali na katikati ya mji. Nauli ya kawaida kwa safari nzima ni shilingi 1,500 za Kenya na daraja la kwanza 4,500, tangu zilipopanda Januari 2024. Ya saa mbili asubuhi husimama vituo vya njiani na huchelewa kidogo kuliko ya saa tisa alasiri, lakini inapita Tsavo mchana kweupe, na watoto watapigania dirisha wakiona tembo wekundu kwa udongo. Ya alasiri inafika usiku, na bado mna safari ya Diani mbele yenu. Malipo ni kwa M-Pesa, hivyo wifi wa Nairobi ndiye atakayekata tiketi. Mpeni namba za pasipoti za wote. Fikeni saa nzima kabla, kuna ukaguzi wa mizigo kwa mbwa.

Kutoka Miritini kwenda Diani, mwambieni dereva apite Dongo Kundu. Barabara hiyo inawaepusha na feri ya Likoni.

Diani hadi Tanga ni kipande kifupi kinachotisha watu bila sababu. Lami ni nzuri pande zote mbili za mpaka, Lunga Lunga ya Kenya na Horohoro ya Tanzania, na kutoka mpakani hadi Tanga mjini ni kama kilomita 65. Kinachotaka kupangwa ni gari. Magari mengi ya kukodi hayaruhusiwi kuvuka, na kulivusha lenu kunadai kadi ya umiliki, barua ya mwenye gari, bima ya COMESA, ile ya gari linalovuka mpaka, na kibali cha muda cha forodha. Rahisi zaidi: dereva wa Kenya awafikishe mpakani, wa Tanga awe anawasubiri upande wa pili. Kukubaliana naye kufanyike siku moja kabla na mpigiane asubuhi. Taratibu za nchi zote mbili zinamalizwa jengo moja, upande mnaoingia. Wanaokuja kuwabadilishia pesa mkiwa mmeshika pasipoti, wapisheni. Badilisheni kiasi cha chakula tu, mengine Tanga.

Tanga haina haraka. Mapango ya Amboni asubuhi, Raskazone jioni, na kati yake ni nyumbani kwa shangazi.

Kwenda Lushoto mnapita Segera na Korogwe mpaka Mombo, kisha mnakata kulia na kupanda milima ya Usambara. Kilomita 33 za kona tupu. Mtoto mwenye kichefuchefu akae mbele, ale kitu chepesi, na mpande kabla giza halijaingia. Kutoka Mombo kwenda Moshi ni barabara kuu kupitia Same na Mwanga, na hapo tatizo ni vijiji: kila penye kibao cha 50, polisi wa usalama barabarani anaweza kuwa chini ya mwembe na kamera yake. Faini ni shilingi 30,000 kwa kosa, hulipwa kwa namba ya malipo mnayopewa, si mkononi. Ukiendesha mwenyewe baada ya miaka ya barabara za Ulaya, ongeza saa moja na nusu juu ya ile ramani ya simu inayokwambia. Mimi ningekodi gari pamoja na dereva kwa kipande chote cha Tanga hadi Moshi. Anajua vibao, na ninyi mtaangalia Milima ya Pare.

Mbugani mtakwenda na kampuni au dereva mwenye gari la kazi hiyo. Mwulizeni swali moja kabla ya kulipa: vibali vyetu vinaanza na kuisha saa ngapi? Kibali cha Serengeti kinahesabiwa kwa saa 24, na kikigongwa muhuri getini saa sita mchana, mkitoka saa nane baada ya siku mbili mnadaiwa tena. Dereva mzoefu hupanga chakula cha mchana kwa kuifuata saa hiyo. Geti la Loduare, la kuingilia Ngorongoro, hufungwa saa 12 jioni, na malipo hayapokelewi kwa pesa taslimu.

Hatua ya 6: Begi hupimwa na ndege ndogo

Ndege iliyowaleta inaweza kuruhusu kilo 23 mara mbili kwa kila mtu, na ndugu wa ughaibuni hujaza zote kwa zawadi. Ndege ndogo za Kisongo zinaruhusu kilo 15, na zinataka begi laini lisilo na fremu. Za KIA huwa na nafuu lakini si kilo 46. Kwa hiyo panga zawadi zishuke njiani: za wifi Nairobi, za shangazi Tanga, za bibi Moshi. Mabegi mawili makubwa yakibaki matupu, yaingizeni moja ndani ya jingine. Msifungashie vitu kwa mifuko ya plastiki; Kenya iliipiga marufuku mwaka 2017, Tanzania 2019.

Na mtakachopewa nacho kina uzito. Ndizi za Moshi hazikatai kusafiri, wanaokataa ni watu wa mizani.

Hatua ya 7: Pesa na simu

Gawa bajeti kwa usiku zile zile ishirini. Weka pembeni zile zenye gharama yake ya pekee, yaani tatu za mbugani, kisha uone kila usiku uliobaki unabeba kiasi gani. Usiku wa kwa shangazi si wa bure: kuna soko, kuna mchango, kuna watoto wa jirani. Uandikie kiasi.

Tanzania, tangu Machi 2025, kanuni zinakataza kutoza bei za ndani kwa fedha za kigeni, hivyo badilisheni dola au pauni benki au kwenye duka la fedha lenye leseni mpate shilingi. Noti za dola za kabla ya 2009 mara nyingi hukataliwa. M-Pesa ya Kenya na ya Tanzania ni akaunti mbili tofauti. Nunueni laini kila nchi na pasipoti mkononi, moja kwa baba, moja kwa mama, ili mkiachana sokoni mpatikane.

Mwisho, tengenezeni ukurasa mmoja: tarehe, mtalala wapi, namba ya simu ya mwenyeji au dereva, namba ya tiketi. Utumeni kwenye kundi la familia wiki mbili kabla. Hapo wifi atasema Jumamosi ile kuna harusi Thika, na shangazi atauliza kwa nini tatu na si tano. Jibuni siku hiyo hiyo, kabla hamjalipia hoteli ya Diani.